Farasi wangu amepasuliwa ukwato: je, namtibu au namtesa?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia nikiwa sijui kama ninachohitaji ni ushauri wa matibabu au ni neno la kunituliza moyo. Nina farasi dume aliyehasiwa, jina lake Shaba, niliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye sasa ana umri wa miaka 14. Alikanyaga msumari, ukamwingia kwenye unyayo wa ukwato wa mbele wa kushoto, karibu na ncha ya ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu. Msumari uliondolewa, tundu likasafishwa, akachomwa sindano ya kumkinga na pepopunda, na kwa kuwa alichechemea kidogo tu, tuliamini kwamba yamekwisha. Baadaye usaha ulijikusanya ndani, akawa hataki hata kuugusisha mguu ardhini. Daktari alilitoboa jipu, usaha ukatoka, akapata nafuu. Kisha maumivu yakarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na picha ya eksirei ikaonyesha kwamba maambukizi yamefika kwenye mfupa ulio ndani ya ukwato.

Tulimpeleka hospitali ya wanyama, akapewa nusukaputi, na sehemu ya mfupa iliyooza ikakwanguliwa na kuondolewa. Daktari alisema kiungo na kano havikuguswa. Amerudi nyumbani na kiatu maalumu chenye bamba la chuma linalofunguliwa kwa bolti ili tuweze kusafisha kidonda, pamoja na dawa za antibiotiki, dawa za maumivu na agizo la kutotoka bandani.

Mume wangu si mtu katili, lakini anasema kwamba ninamrefushia mnyama mateso kwa ajili ya mapenzi yangu mwenyewe, na kwamba ingekuwa huruma kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu. Nikimtazama Shaba akiwa amesimama pale pale kutwa nzima, kichwa kimeinama, huwa nakosa jibu la kumpa. Kila ninapofungua bamba natetemeka, kwa sababu shimo lililopo ni pana kiasi cha kuingiza kidole gumba na naogopa kwamba mikono yangu ndiyo itakayoliharibu. Usiku silali, naamka kwenda bandani kumwangalia, na kila nikirudi kitandani najiuliza kama kuna jambo sikuliona.

Jambo pekee linalonitia moyo ni kwamba tangu jana ameanza kuukanyagia mguu uliopasuliwa, na amekuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule mara kwa mara, ingawa hasogei kukifuata chakula kama alivyozoea na leo asubuhi amelala chini muda mrefu. Je, hiyo ni dalili ya kupona? Na je, kuna siku atapandwa tena?

Mwenye Shaba

JIBU

Dada yangu,

Sehemu ya kwanza ya jibu hili tulikupelekea siku ileile barua yako ilipotufikia, kwa sababu haikuweza kusubiri zamu ya kuchapishwa. Naiweka tena hapa kwa faida ya wasomaji wengine wanaouguza farasi. Aya yako ya mwisho, ile uliyoiita jambo pekee la kutia moyo, ndiyo iliyonishtua. Farasi aliyepasuliwa mguu wa kushoto anapoanza ghafla kuukanyagia, huku akihamahamisha uzito, akisita kutembea na kulala kupita kawaida yake, huenda si kwamba mguu wa kushoto una nafuu kuliko jana. Huenda ni wa kulia ambao sasa unamuuma zaidi. Ndiyo maana tulikuomba umpigie daktari wako simu saa ileile, bila kusubiri siku ya kubadilisha bandeji.

Sababu yake inafaa kuelezwa kwa utulivu. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwa hiyo mnyama wa kilo 500 huwa ameweka kilo zipatazo 150 juu ya kila mguu wa mbele. Akiuinua mmoja kwa maumivu, sehemu kubwa ya mzigo wake humwangukia mwenzake usiku na mchana. Ndani ya ukwato, mfupa umening'inizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa tabaka laini zilizoshikana kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana, na damu inayozilisha tabaka hizo huhitaji mguu uwe ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia, ili ipite vizuri. Farasi mzima hufanya hivyo hata akiwa amesimama tu, bila sisi kutambua. Farasi mwenye mguu mmoja mbovu huusimamia ule mzima bila kuupumzisha, tabaka zikakosa damu, zikavimba, na mwishowe zikaanza kuachana na mfupa. Ugonjwa huo madaktari wanauita laminaitisi, na ukitokea kwenye mguu unaobeba mzigo wa mwenzake huwa mara nyingi ni hatari kuliko kidonda kilichouanzisha.

Wapenzi wa mbio za farasi wanamkumbuka Barbaro, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 2006 nchini Marekani. Wiki chache baada ya ushindi huo alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness, akapasuliwa na madaktari stadi, na mfupa ukaanza kuunga. Mwezi Julai laminaitisi ikamshika mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao haukuwa umevunjika, na tarehe 29 Januari 2007 ikabidi apumzishwe. Sikutaji kisa hicho ili kukukatisha tamaa, kwani jeraha la Shaba si la namna ile. Nakitaja kwa sababu barua yako yote imeukazia macho mguu wa kushoto, na sioni humo hata sentensi moja kuhusu wa kulia.

Basi jifunze kuusoma mguu wa kulia. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, upande wa ndani na kisha upande wa nje, ubonyeze taratibu hadi uhisi mshipa unateleza chini ya ngozi. Kwa farasi mwenye afya, mapigo yake ni hafifu kiasi kwamba mtu asiyezoea huona hayapo. Yakiwa yanadunda wazi kwenye ncha za vidole, na ukwato ukiwa na joto ambalo haukuwa nalo jana, usingoje. Fanya hivyo asubuhi na jioni, kabla ya kumpa chakula, na uandike ulichokihisi. Daktari anaweza kuagiza unyayo wa mguu huo ujazwe kitu laini cha kuushikilia, sakafu itandikwe maranda mengi ili mnyama achimbe kwato ndani yake na kutafuta pembe inayompa nafuu, au ukwato upozwe kwa barafu. Hayo yote yana maana yakianza mapema, kabla mfupa haujahama mahali pake.

Sitaki lakini uondoke hapa ukiamini kwamba kila farasi anayeukanyagia mguu aliopasuliwa yuko hatarini. Kuukanyagia ndiko tunakokutaka. Akiuweka chini kidogo kidogo, siku hadi siku, huku anakula kwa hamu, anageuka bandani bila kusita, na mguu wa pili ni wa baridi na mapigo yake hayasikiki, hiyo ni nafuu ya kweli. Kilichonitia shaka katika maelezo yako ni kwamba mabadiliko yalikuja kwa mara moja, na yalikuja pamoja na kutotaka kusogea.

Sasa nije kwenye neno la mume wako, kwa sababu linastahili jibu na si hasira. Anauliza kama haya ni matibabu au ni mateso. Jibu halipatikani kwa kupima mapenzi yako. Linapatikana kwa kuuliza mambo mawili: je, ugonjwa wenyewe una mwisho, na je, maumivu yanadhibitika njiani? Kuhusu la kwanza, Shaba ana bahati ambayo wengi hawaipati. Msumari ukiingia katikati ya ile pembetatu laini, au nyuma yake kidogo, unaweza kutoboa kano kuu ya kukunja mguu, kifuko chenye majimaji ya ute kilicho chini yake, au kiungo chenyewe, na hapo matumaini hupungua sana. Wa kwake ulipita mbele, ukafika kwenye mfupa. Mfupa ulioambukizwa ukikwanguliwa hadi kubaki ulio mgumu na safi, farasi huweza kupona vizuri. Madaktari wa upasuaji wameshaondoa hata karibu robo ya mfupa huo na mnyama akarudi kutembea sawasawa. Nusukaputi nayo ni hatari kwa farasi kuliko kwa mbwa au binadamu, hasa wakati wa kuamka na kujaribu kusimama, na hatari hiyo ameshaivuka. Kumpumzisha sasa kwa sababu tu anaonekana mnyonge kungekuwa ni kuamua mapema mno.

Kuhusu la pili, dawa ya maumivu aliyoandikiwa mpe yote kwa saa zake. Kuna watu watakaokushauri umpunguzie ili maumivu yamkumbushe asiutumie mguu. Usiwasikilize. Kila saa anayokaa akiuogopa mguu wa kushoto ni saa ya mzigo juu ya wa kulia. Ila usimwongezee kipimo kwa huruma yako, wala usimchanganyie dawa nyingine ya jamii hiyo uliyobaki nayo kabatini, kwa kuwa fenilibutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, na ndugu zake zikizidi hutoboa vidonda tumboni na kudhuru figo. Kichwa kuinama kutwa, kutojali watu wanaoingia, masikio yaliyolala nyuma na midomo iliyokazwa ni dalili kwamba dawa haitoshi. Mwambie daktari aibadilishe, badala ya kuvumilia wewe na yeye.

Hofu yako ya kufungua bamba naielewa, lakini nadhani inatokana zaidi na haraka kuliko na ukubwa wa shimo. Farasi huchoka kusimama kwa miguu mitatu, mtu anaanza kutafuta mkasi, mnyama anauvuta mguu, kila kitu kinaanguka kwenye uchafu, na moyo unaenda mbio. Kabla ya kuugusa mguu, panga kila kitu juu ya taulo safi: spana ya bolti, glavu, shashi iliyokwisha kulowekwa, shashi kavu, nepi ya mtoto ya kufungia juu. Vipande vya utepe wa kunata vikate mapema na uvibandike mstari mmoja kwenye ukingo wa mlango wa banda, ili uwe unavibandua kwa mkono mmoja. Mtu wa pili amshike kichwa. Tena, mume wako angefaa kwa kazi hiyo. Ni vigumu kuendelea kuona mateso matupu pale unapokishuhudia kidonda kikibadilika mbele ya macho yako.

Nacho hubadilika kwa utaratibu unaojulikana. Nyama changa ya rangi ya waridi, yenye vijipunje na unyevu kidogo, huanza kujaza shimo kutoka chini. Kisha ngozi ngumu ya ukwato hutambaa kutoka pembeni kuifunika. Harufu ya uozo, usaha wa kijivu au mweusi, au nyama inayovimba kupita ukingo wa shimo, ni mambo ya kumwonyesha daktari. Tumia dawa ya kuua vijidudu aliyokupa kwa kipimo alichosema. Iodini ya povidoni, kwa mfano, huzimuliwa hadi ifanane na chai hafifu. Iliyo kali, au spiriti, au peroksidi, huunguza nyama changa unayoisubiri kwa hamu. Shashi ijaze shimo bila kushindiliwa, na utepe usikaze pale ngozi yenye manyoya inapokutana na ukwato, kwa sababu ndipo ukwato mpya unapozaliwa. Zaidi ya yote pawe pakavu. Bandeji iliyolowa mkojo ibadilishwe saa hiyohiyo, hata kama ratiba inasema kesho.

Tumbo lake pia liangalie, kwani ndilo linalosahaulika na wengi. Farasi aliyezoea kutembea na kula nyasi kutwa, akifungiwa bandani, matumbo yake hupungua mwendo. Kwa kawaida hupata choo mara 8 hadi 12 kwa siku. Choo kikipungua, kikiwa kikavu na kidogo kidogo, ni onyo la msokoto wa tumbo, na kikiwa maji matupu wakati yuko kwenye antibiotiki, ni dharura. Nyasi kavu mgawie kidogo kidogo mara nyingi, nafaka uipunguze kwa maelekezo ya daktari, na uhakikishe maji yapo mahali anapoyafikia bila kupiga hatua nyingi. Kama inawezekana, amwone farasi mwingine kutoka pale alipo. Upweke unamnyima mnyama wa kundi hamu ya kula kuliko watu wanavyodhani.

Kwa upande wa usiku wako, sitakuambia uache kwenda bandani, maana najua hutaacha. Ninakushauri uende ukiwa na kazi. Nunua daftari, uandike saa, joto la mwili, mapigo ya moyo, choo, alichokula, na mapigo ya mshipa wa kila mguu wa mbele. Farasi mzima aliyetulia huwa na joto la kati ya nyuzi 37.2 na 38.3, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukimtazama tu gizani, akili yako itamwona anakufa kila usiku; ukiwa na tarakimu za juzi na za jana mkononi, utajua kama kweli kuna kilichobadilika. Mwamko mmoja usiku unatosha, mwingine mwachie mtu wa nyumbani, naye aandike katika daftari hilohilo.

Lipo jambo ambalo mume wako ana haki nalo, na ni vizuri mlizungumze nyote watatu, ninyi na daktari, wakati huu ambapo mnaweza kufikiri: kikomo ni kipi? Kiandikeni. Kwa mfano, picha ikionyesha kwamba mfupa wa mguu wa kulia umehama na kuzama ndani ya ukwato. Au maambukizi yakirudi mfupani na upasuaji wa pili usiwe na matumaini. Au Shaba akawa analala sehemu kubwa ya siku, anatoka vidonda vya kulalia, anakonda na kukataa chakula ijapokuwa dawa zote zimetumika. Kuwa na kikomo kilichoandikwa hakumwiti kifo. Kunawaondolea ninyi wawili mjadala uleule kila jioni, na ikiwa itafika siku ya kumpumzisha, hakuna kati yenu atakayebaki na lawama kwamba aliwahi au alichelewa. Hadi sasa, kwa yale uliyoyaandika kuhusu mguu uliopasuliwa, hamjakikaribia.

Kuhusu kupandwa tena, usiulize kabla ya kidonda kufunikwa kabisa na unyayo mpya na mgumu. Ukuta wa ukwato hukua milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, kwa hiyo ukwato wa mbele huhitaji miezi 9 hadi 12 kujitengeneza upya kutoka juu hadi kwenye ncha. Unyayo hutangulia kidogo. Katika muda huo fundi wa kwato na daktari wanapaswa kufanya kazi pamoja, kwani bamba litabadilishwa, kiatu kitapunguzwa ukubwa, na picha ya eksirei itarudiwa ili kuhakikisha kwamba pale mfupa ulipokwanguliwa hapaliki tena. Matembezi ya kushikwa kamba kwa dakika chache kwenye ardhi tambarare ndiyo yatakayotangulia, na siku ya kuyaanza ataitaja daktari baada ya kuwa ameutazama pia mguu wa kulia.